Shangazi, nikikanda unga leo kesho siamki, ni kweli mwili wangu umeshika kutu?

Shikamoo Shangazi,

Nisamehe barua ni ndefu na nimeiandika kwa siku nne, manake nikishika simu sana macho yanauma na kichwa kinakuwa kizito. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, niko Kisauni hapa Mombasa. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi, nauza asubuhi mlangoni kwangu. Zamani nilikuwa naamka saa kumi usiku, nakuna nazi, nakanda unga kilo sita peke yangu na saa moja nishamaliza kuuza, halafu nafua, napika cha mchana, jioni naenda kwa mamangu Likoni na kurudi, na sikuwa nahisi kitu.

Yote yalianza mwanzo wa 2018, ule wakati mtaa mzima umelala na chikungunya. Nyumbani kwetu tuliumwa watatu. Mimi nilizidiwa kuliko wote, wiki mbili sikuweza hata kufunga leso mwenyewe, vidole vimevimba na homa haishuki. Wenzangu wakapona, hata mavyaa na uzee wake alipona. Mimi homa iliisha lakini nguvu hazikurudi, mpaka leo.

Na si uchovu wa kawaida Shangazi, ndo kitu nashindwa kumueleza mtu. Uchovu wa kawaida unalala unaamka uko sawa. Mimi nalala masaa tisa naamka kama mtu aliyepigwa usiku kucha. Nikijitahidi siku moja nikakanda unga kilo mbili, siku hiyo naweza nikawa sawa tu, lakini kesho yake au kesho kutwa nalala kitandani kabisa, koo linawasha kama naanza mafua, miguu mizito, chenji ya shilingi hamsini naihesabu mara tatu. Harusi ya binamu yangu nilienda siku moja tu, nikakaa nyuma wala sikucheza, nikalala siku tano. Nikisimama foleni moyo unaenda mbio naona giza. Ramadhani iliyopita nilifunga siku nane tu nikashindwa, nikalia.

Hospitali nimezunguka. Nimetibiwa taifodi mara nne, malaria sijui mara ngapi, damu wakapima wakasema ESR iko sawa hakuna inflamesheni yoyote mwilini, daktari mmoja akaniambia nifanye mazoezi nipunguze mawazo. Nikafanya kweli, tukawa twatembea na rafiki yangu kule Mama Ngina kila jioni, wiki ya pili nikaanguka na mwezi mzima sikupika. Bwanangu si mtu mbaya lakini ashaanza kusema "we uchovu wako huwa unajua siku za kazi". Mavyaa yeye asema nimefanyiwa.

Sasa kuna dada anauza virutubisho, alikuja nyumbani na kimashine, nikashika kifimbo cha chuma kimeungwa na laptopu, ikatoka ripoti eti msongo wa oksidisheni asilimia 87, inflamesheni kali, akasema mwili wangu unaota kutu kwa ndani ndo sababu ya uchovu. Paketi ni unga na vidonge, 14,500 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Nikasoma soma mtandaoni nikaona wataalamu wa ulaya pia wanataja hayo hayo, inflamesheni na oksidisheni. Kwa mara ya kwanza mtu ameniambia nina ugonjwa Shangazi, nilitaka kumkumbatia. Nina bangili mbili za mahari nataka kuuza moja. Ni kweli haya mambo ama naibiwa?

Mimi, Mchovu wa Kisauni


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye chenji ya hamsini ilibidi niiweke chini kwanza.

Bangili usiuze. Nalisema mwanzo kabisa manake najua ukichoka kusoma utaishia katikati na sitaki uishie bila hilo. Kile kimashine cha kushika kifimbo hakipimi oksidisheni, hakipimi inflamesheni, hakuna kitu chochote cha damu yako kinachopita kwenye kile chuma. Mabaki ya oksidisheni yanapimwa maabara, kwa damu au mkojo, na mashine kubwa, na hata huko ni kwa utafiti zaidi kuliko kwa mgonjwa mmoja mmoja. Hiyo 87 haina maana yoyote.

Lakini sasa nisikilize vizuri, kimashine kuwa uongo hakufanyi ugonjwa wako kuwa uongo. Huyo dada amechukua maneno ya kweli akayafunga kwenye paketi. Ndo maana nataka nikueleze hayo maneno mwenyewe, uyajue, ili kesho akija mwingine na paketi ya rangi nyingine usibabaike.

Ulivyoeleza, yaani nguvu zimeanguka zaidi ya miezi sita baada ya maambukizi, usingizi hauponyi, akili inagoma, kusimama kunaleta giza, na juu ya yote kuporomoka siku moja au mbili BAADA ya kujitahidi, hiyo ni picha ya ugonjwa unaoitwa ME/CFS, uchovu sugu. Sikupimi kwa barua, lakini sura yake ndo hiyo. Ule mporomoko wa kuchelewa ndo alama yake kubwa, mtu mvivu au mwenye mawazo tu haporomoki kwa mtindo huo. Na si ugonjwa wa juzi. Mwaka 1955 hospitali ya Royal Free kule London ilifungwa miezi kadhaa sababu wafanyakazi wake karibu 300 waliugua kitu cha namna hii, na mwaka huo huo manesi wa Addington kule Durban Afrika Kusini wakaugua vilevile. Marekani taasisi yao ya tiba mwaka 2015 ilikadiria wagonjwa kati ya 836,000 na milioni mbili na nusu nchini kwao, na wengi kabisa hawajawahi kuambiwa jina la kinachowaumwisha. Kwa hiyo kuzungushwa hospitali miaka saba si aibu yako.

Na kuanza na chikungunya kuna maana. Lenyewe hilo jina limetoka kwa Wamakonde, kusini ya Tanzania kule ambako ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza 1952, maana yake ni kujikunja, na we mwenyewe umejikunja unajua. Kirusi chake kina ndugu huko Australia anaitwa Ross River. Watafiti wa huko waliwafuata watu 253 waliougua Ross River, au homa ya tezi, au homa ya Q ile inayotoka kwa mifugo, na baada ya miezi sita karibu 11 kwa kila 100 walikuwa na uchovu sugu kamili. Walipotafuta ni nani haswa habakii salama, hawakukuta kwamba ni wenye mawazo mengi au wenye roho dhaifu, walikuta ni wale ambao ugonjwa uliwapiga vikali zaidi mwanzoni. Rudia kusoma hapo, mwanangu. We uliyeshindwa kufunga leso wiki mbili. Mavyaa alipona, wewe hukupona, na hakuna mtu aliyekufanyia.

Haya sasa inflamesheni. Ni ule mwako wa mwili ukipigana, unaona kidole kikichomwa na mwiba kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto. Chembe nyeupe za damu zinatuma ujumbe kwa kemikali zinaitwa saitokini, na hizo saitokini ndizo zinazoambia ubongo lala, usile, usitake kuona watu. Ile hali ya kuumwa homa unataka giza na blanketi tu, haiko kwenye kirusi chenyewe, ni kinga yako imeamuru. Kwa wagonjwa wa uchovu sugu ni kama ile amri imetolewa na hakuna aliyeifuta. Chuo cha Stanford 2017 walipima saitokini 51 kwa wagonjwa 192 na wazima 392, wakakuta 17 kati ya hizo zinapanda kadiri mgonjwa anavyokuwa mahututi zaidi. ESR uliyopimwa ni kipimo cha jumla mno, kinaangalia chembe nyekundu zinazama haraka kiasi gani kwenye mrija, kwa ugonjwa huu mara nyingi kinatoka sawa tu. Kwa hiyo aliyekuambia "ESR sawa" alisema kweli, aliyeongeza "hakuna chochote mwilini" ndo aliruka.

Ila kuna jambo hapa ambalo muuza paketi hakukuambia, na linakuhusu wewe moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo cha Columbia New York walilinganisha wagonjwa 298, wakakuta saitokini nyingi zilikuwa juu kwa wale walioumwa chini ya miaka mitatu, na kwa wale wa zaidi ya miaka mitatu ule mwako haukuwepo tena kwenye damu kama mwanzo. We uko mwaka wa saba. Kwa hiyo hadithi ya "una inflamesheni kali tuisafishe" hata kwa utafiti wenyewe wanaoutaja haikukai sawasawa.

Oksidisheni nitakueleza kwa mafuta yako ya mahamri. Ukikaangia mafuta yale yale siku tatu yanakuwa meusi, mazito, yananuka, si ndivyo? Hewa na moto vimeyachachusha, hiyo ndo oksidisheni. Sasa kila seli mwilini ina majiko madogo sana yanaitwa mitokondria, yanachoma chakula kwa hewa ya oksijeni yakupe nguvu, na kama jiko la makaa, cheche zinaruka kidogo. Hizo cheche wanaziita fri radikali. Chembe nyeupe nazo zinarusha cheche kwa makusudi kuchoma vijidudu. Mwili mzima una vizimio vyake, kikubwa ni glutathioni ambayo mwili unajitengenezea wenyewe. Cheche zikizidi vizimio, mafuta ya kuta za seli yanachacha kama ya karai lako, ndo huo msongo wa oksidisheni. Mwaka 2005 watafiti wa Dundee kule Uskoti waliyakuta mabaki ya mafuta yaliyochacha yakiwa juu kwenye damu ya wagonjwa wa uchovu sugu, na 2012 New York waliwapiga wagonjwa picha za ubongo wakakuta glutathioni imepungua kama theluthi nzima. Na hivi vitu viwili vinalishana: mwako unaleta cheche, cheche zinaumiza majiko, majiko yaliyoumia yanatoa nguvu kidogo na cheche zaidi, cheche nazo zinaamsha mwako tena.

Kuna utafiti mmoja wa Amsterdam wa 2024 ambao natamani bwanako ausome. Ulikuwa kwa watu 25 waliobaki na uchovu baada ya Korona, ndugu wa karibu sana wa ugonjwa wako. Waliwapandisha baiskeli ya mazoezi dakika kama 15 tu, wakakata vipande vidogo vya msuli kabla na siku ya pili yake, wakaona kwa darubini kabisa msuli umeumia na mitokondria zinafanya kazi vibaya zaidi baada ya yale mazoezi. Si mawazo, ni nyama ya mguu imeonekana. Uchovu wako kweli "unajua siku za kazi", sababu kazi ndiyo inayouleta.

Sasa utaniuliza, Shangazi kama cheche ni kweli basi unga wa kuzima cheche una ubaya gani? Mimi pia ningeuliza. Kujua kinachoungua hakumaanishi umepata maji ya kuzimia. Wafini, watu wa Finlandi, walifikiri hivyo hivyo, wakachukua wanaume wavuta sigara zaidi ya elfu 29, wengine wakawapa beta karotini, kizimio maarufu kabisa, wengine hawakuwapa, matokeo yakatoka 1994: waliopewa walipata saratani ya mapafu ZAIDI kuliko wasiopewa. Mwili unatumia hizo cheche kwa kazi zake pia, huwezi kumwaga tu. Kwa uchovu sugu wenyewe Barcelona walijaribu vidonge vya CoQ10 pamoja na NADH, vitu ambavyo mwili wenyewe unavitumia kutengeneza nguvu, kwa wagonjwa 73 wiki nane, uchovu ukapungua kidogo, hiyo nakwambia sitaki kukuficha, lakini kupungua kidogo si kupona, na hivyo ni vidonge vinavyojulikana kiasi na ndani kuna nini, si unga usio na jina. Unga wa namna hiyo umewahi kukutwa umechanganywa steroidi kimya kimya, unapata nguvu wiki mbili uso unavimba, ukiacha ghafla unaanguka. Na dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma usinywe kwa kukisia, chuma kikizidi ndicho kinachoongeza cheche. Diklofenaki za maumivu pia, najua ukanda wetu watu wanazinywa kama peremende, zikiendelea miezi zinakula tumbo na figo.

Badala ya hiyo paketi ya 14,500, fanya mambo mawili. Kwanza vipimo, manake kabla ya kusema ni uchovu sugu lazima vingine vitolewe njiani, na vingi vinatibika. Omba hemoglobini na ferritini yaani akiba ya chuma mwilini, tezi ya shingo yaani TSH, sukari, figo na ini, HIV, hepatitisi B, kifua kikuu, na brusela kama mnanunua maziwa mabichi ya wafugaji. Viungo vikiwa bado vinavimba mwambie daktari akuangalie baridi yabisi, chikungunya inaweza kuiacha nyuma. Na hiyo Widal ya taifodi ya mara nne, waambie mwanangu inatosha, kipimo hicho kinadanganya sana.

Pili hilo giza la kusimama. Lala chali dakika kumi, mtu akuhesabie mapigo ya moyo dakika nzima. Kisha simama umeegemea ukuta, ahesabu kila dakika mpaka kumi, akae karibu usije ukaanguka. Yakipanda 30 au zaidi na yakabaki huko, andika kwenye karatasi umpelekee daktari, hilo lina jina na lina dawa. Kunywa maji mengi na kuongeza chumvi kunawasaidia wengi wa hali hiyo, lakini chumvi mpaka presha yako ipimwe kwanza. Kukaanga mahamri kaa kwenye kigoda.

Mazoezi ya kujisukuma kila siku kidogo zaidi, acha. Uingereza walikuwa wakiyaagiza miaka mingi, na Oktoba 2021 taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ikayaondoa kwa ugonjwa huu sababu wagonjwa walilalamika yanawaharibu. Kilichokupata Mama Ngina kiliwapata wengi. Badala yake fanya kama tokeni za stima. Ukiwa na yuniti tano huwashi pasi, friji na jiko pamoja, unapanga, na unaacha akiba kabla haijaanza kulia. Kwa wiki mbili andika kila siku ulifanya nini na kesho yake ulikuwaje, utaona mpaka wako uko wapi. Kama kilo mbili zinakuangusha, jaribu moja, na binti wa jirani akande umlipe, wewe ukae ukaange. Ukichoka tayari umechelewa, pumzika kabla, lala kimya bila simu nusu saa katikati ya kazi. Na siku ukiamka na nguvu, hiyo ndo ya hatari zaidi, wengi wanaipigia kazi yote iliyolala na wanailipa wiki nzima.

Sitakudanganya kwamba kuna dawa ya kukuponya kabisa, mpaka leo haijapatikana. Lakini kuacha kuporomoka kila wiki kunabadilisha maisha, na wengine polepole wanapanda wakishaacha kujiangusha. Usingizi, maumivu, mapigo, kila kimoja kina cha kukipunguza na daktari mwenye subira anaweza kukusaidia.

Kufunga, mgonjwa ameruhusiwa kula, hiyo we unaijua kuliko mimi. Zungumza na shehe wako umueleze kama ulivyonieleza, usilie peke yako.

Mavyaa usibishane naye. Anaogopa kwa ajili yako kwa lugha aliyonayo, kama ataka kukusomea dua akusomee, ila kusiwe na kufukizwa moshi wala kufungishwa. Bwanako msomee hii, na zile karatasi za wiki mbili mpe azishike yeye, yeye ndo awe anaandika. Mwanaume akiona kwa mkono wake mwenyewe Jumatatu umekanda, Jumanne sawa, Jumatano umelala, Alhamisi umelala, ataona kitu ambacho maneno yako yameshindwa kumuonyesha miaka saba.

Na ulivyosema ulitaka kumkumbatia yule dada sababu ndo wa kwanza kukuambia unaumwa. Unaumwa mwanangu. Nimekuamini tangu sentensi ya kwanza. Ukipata majibu ya tezi na ferritini niandikie, hata kwa vituo, hata kwa siku nne.

Shangazi wako